Kiporo ugenini: Usafi wa chakula ni dini, mila au elimu?



Ndugu msomaji, kila mwaka vijana wetu wengi wa Kiislamu huondoka kwenda kusoma au kufanya kazi nje: Uingereza, Uturuki, Malaysia, Uchina na nchi za Ghuba. Kabla hawajaondoka, wazazi huwausia sana juu ya Swala na juu ya nyama halali. Huo ni wasia mzuri. Lakini kuna jambo moja linalohusu chakula ambalo aghalabu halisemwi, nalo limewagombanisha watu wengi wanaoishi nyumba moja na wakati mwingine limewafikisha hospitali. Jambo hilo ni namna ya kukiweka, kukiosha na kukihifadhi chakula chenyewe, hata kikiwa ni halali tupu.

Nimefundisha somo la Maarifa ya Uislamu kwa miaka kadhaa, na kabla ya hapo nilipata nafasi ya kusoma Uingereza kuanzia mwaka 2014 hadi 2015. Swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara ni hili: "Ustadhi, mbona wenzetu wa huko wanatuona sisi wachafu, na sisi tunawaona wao ndio wachafu? Nani yuko sahihi?" Makala haya ni jaribio la kulijibu swali hilo kwa mizani ya dini na ya elimu kwa pamoja.

Halali peke yake haitoshi

Katika Suratul Baqara, aya ya 168, Mwenyezi Mungu (s.w.) anawahutubia watu wote, si Waislamu peke yao, wale katika vilivyomo ardhini vyenye sifa mbili: viwe halali na viwe "twayyib". Wafasiri wameeleza kuwa twayyib ni kile kilicho kizuri, kisafi, kisichodhuru mwili wala akili. Wengi wetu tumeishika sifa ya kwanza kwa mikono miwili na ile ya pili tumeiachia mazoea. Mtu ataulizia nani kachinja kuku, lakini hatauliza kuku huyo kakaa saa ngapi juani.

Uko mfano mzuri zaidi kwa wanaoishi ugenini. Katika Suratul Kahf, aya ya 19, vijana wa pangoni walipoamka walimtuma mwenzao mjini na fedha akanunue chakula. Hawakumwambia alete chochote. Walimtaka aangalie ni chakula kipi kilicho safi zaidi. Wako wafasiri waliosema makusudio ni chakula cha halali zaidi, na wako waliosema ni chakula bora zaidi. Vyovyote iwavyo, vijana wale walikuwa na njaa, walikuwa na hofu, na mji ule haukuwa tena mji wao, na bado walichagua. Mgeni, kwa hiyo, ana wajibu wa kuangalia zaidi na siyo kuangalia kidogo.

Kisa cha pilau ya Ramadhani

Nichukue tukio moja. Ramadhani ya mwaka 2015 ilianza katikati ya mwezi Juni, kipindi ambacho mchana wa Uingereza ni mrefu mno. Tulikuwa tukifunga zaidi ya saa 18. Jua lilizama baada ya saa 3 na nusu usiku, na kabla ya saa 9 usiku daku ilikuwa imekwisha. Katika nyumba niliyopanga tulikuwa wanne: mimi, ndugu mmoja wa Mombasa, mwingine wa Kano, Nigeria, na wa nne Mmalaysia aliyekuwa akisomea ufamasia.

Jumamosi moja ndugu wa Mombasa alipika pilau ya watu kama 15 kwa ajili ya kufuturisha. Pilau ilikuwa nzuri na ikabaki nyingi. Sufuria ikafunikwa, ikaachwa juu ya jiko. Wakati wa daku watu walikula tena humo humo, na kilichobaki kikaachwa palepale mpaka jioni ya Jumapili. Yule Mmalaysia alipoona alisema chakula kile kimwagwe. Mwenzetu wa Mombasa alikasirika kwelikweli. "Neema ya Mungu haimwagwi," alisema. "Sisi tumelelewa na kiporo. Mama yangu katulea watoto saba kwa kiporo na hakuna aliyekufa." Mmalaysia akanyamaza, lakini alionekana ameumia, kwa sababu alihisi amefanywa kama mtu anayedharau neema.

Jumapili ile nilikuwa nimealikwa futari kwingine. Pilau ilipashwa moto, na wenzangu wawili, wa Mombasa na wa Kano, wakaila. Nilipowakuta msikitini wakati wa Tarawehe, mmoja alikuwa nje ameshika tumbo na mwingine alikuwa ameshatapika mara tatu. Usiku ule tuliwapeleka hospitali wakiwa wamepungukiwa na maji mwilini. Muuguzi alipoelezwa dalili na muda zilipoanza, swali lake la kwanza lilikuwa: "Mmekula wali uliolala?"

Alijuaje? Hapa ndipo inapokuja elimu.

Kwa nini moto haukusaidia

Wengi wetu tunaamini kuwa moto unaua kila kitu. Chakula kikichemka, basi kimesafika. Imani hii ina ukweli, lakini si ukweli wote. Mchele ambao haujapikwa huweza kuwa na bakteria aitwaye Bacillus cereus, anayeishi katika udongo. Bakteria huyu ana uwezo wa kujifungia katika gamba gumu, mfano wa mbegu, na katika hali hiyo anastahimili hata maji yanayochemka. Wali ukishaiva na kuanza kupoa polepole, mbegu zile huamka, huzaana na kutoa sumu. Sumu inayosababisha kutapika haiondoki kwa kupasha moto. Unaweza kuuchemsha wali ule hadi ukatoa moshi, ukawa umewaua bakteria wenyewe, na sumu waliyoiacha ikabaki. Dalili zake huanza haraka, kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula. Ndiyo maana muuguzi hakuhitaji kubahatisha.

Jambo la pili ni ukubwa wa sufuria. Sufuria kubwa ya pilau iliyofunikwa hukaa na joto katikati kwa saa nyingi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa vijidudu huzaana kwa kasi kati ya nyuzijoto 5 na 60, na linashauri chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Idara ya Uingereza inayosimamia usalama wa chakula ni kali zaidi kuhusu wali: upozwe na kuwekwa kwenye jokofu ndani ya saa moja, uliwe ndani ya saa 24, na upashwe moto mara moja tu.

Jambo la tatu ndilo gumu zaidi kwetu. Sumu hii haina harufu. Mama zetu walitufundisha kunusa: ukiona wali umechacha, tupa. Elimu ile ilikuwa sahihi kwa kiasi chake, na ndiyo maana watu wa Pwani hawalazi wali wa nazi ovyo, kwani wanajua huchacha upesi. Lakini pua hutambua uchachu, haitambui kila sumu. Hali ni hiyo hiyo kwa sumukuvu kwenye mahindi, ambayo nayo haiondoki kwa kupika ugali. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani nchini Kenya yaliwadhuru watu 317, na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 balaa kama hilo lilitokea kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Je, ina maana mama wa ndugu yetu wa Mombasa alikosea? Hapana. Yeye alikuwa na chungu kidogo kwa ajili ya familia yake, chakula kilibaki kidogo, kikaliwa alfajiri na mapema. Mara nyingi hali hiyo hupita salama. Lakini tuseme kweli: hata kwetu watu huumwa na kiporo, ila sisi husema "tumbo limechafuka" au "kuna jicho la mtu", na jambo likaishia hapo. Kwamba hakuna aliyekufa nyumbani kwetu si dalili kuwa hakuna hatari. WHO mwaka 2015 ilikadiria kuwa watu milioni 600 duniani huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula kisicho salama na 420,000 hufariki, na kwamba Afrika ndiyo inayobeba mzigo mkubwa zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake.

Kuku na sinki

Suala la pili lenye mizozo ni kuosha kuku. Mwaka 2014, nilipokuwa ndiyo kwanza nafika, serikali ya Uingereza ilikuwa katika kampeni ya kuwaambia watu wasioshe kuku mbichi kabla ya kumpika. Dada zetu wa Kitanzania waliposikia hivyo walishangaa mno. Kuku asioshwe? Bila ndimu, bila chumvi? Mmoja aliniuliza kwa dhati kabisa: "Ustadhi, si atakuwa na damu? Na damu si najisi?"

Tuanze na sheria. Damu iliyoharamishwa, kama inavyobainisha aya ya 145 ya Suratul An'am, ni ile inayomwagika. Damu kidogo inayobaki katika nyama na mishipa baada ya kuchinja kisheria imesamehewa, na wanachuoni wamelieleza hilo kwa uwazi. Kwa hiyo kuku aliyechinjwa kisheria na akasafishwa hategemei kuoshwa tena ili awe halali.

Sasa tuje kwenye afya. Kuku mbichi mara nyingi huwa na bakteria aitwaye Campylobacter. Katika uchunguzi uliofanyika Uingereza kati ya 2014 na 2015, zaidi ya theluthi mbili ya kuku waliopimwa madukani walikutwa naye. Huyu husababisha kuharisha na maumivu makali ya tumbo, na kwa watu wachache huleta ugonjwa wa kupooza. Unapomweka kuku chini ya bomba, maji hurukia sinki, vyombo, nguo na kachumbari iliyo pembeni. Kuku mwenyewe atapikwa na bakteria watakufa. Kachumbari haipikwi.

Kwa nini basi sisi tunaosha? Kwa sababu kwetu kuku hununuliwa hai. Anachinjwa, anatiwa maji ya moto, ananyonyolewa, anapasuliwa na kutolewa matumbo hapo hapo uani. Ana manyoya, mchanga na uchafu wa utumbo. Asiyemwosha kuku huyo atakuwa anakula uchafu. Mila yetu ina sababu yake, na sababu hiyo ni ya kweli. Lakini kuku wa dukani Uingereza ameshapita hatua zote hizo kiwandani. Kitendo ni kile kile, ila mazingira yamebadilika.

Hata hivyo, wale wasioosha nao wasijione wamesalimika. Utafiti uliotangazwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 2019 ulionyesha kuwa miongoni mwa walioosha kuku, asilimia 60 waliacha bakteria kwenye sinki, na asilimia 26 waliwafikisha bakteria kwenye majani ya saladi. Lakini miongoni mwa wasioosha, asilimia 31 nao waliwafikisha kwenye saladi! Sababu kubwa ni mikono na vyombo visivyosafishwa sawasawa. Maana yake ni kuwa mgomvi wetu mkubwa ni mkono uliogusa kuku kisha ukagusa mkate. Ambaye moyo wake hautulii bila kuosha, basi amtie kuku katika bakuli la maji taratibu badala ya kumfungulia bomba, kachumbari aikate kwanza na kuiweka mbali, kisha asafishe sinki, ubao na mikono kwa sabuni.

Na wao je?

Ndugu msomaji, isidhaniwe kuwa mgeni ndiye mwenye kasoro kila mara. Waislamu wengi wanaofika Ulaya hushtushwa na mambo ya wenyeji: mtu anatoka kwenye basi anakula mkate bila kunawa, vyombo vinatolewa kwenye povu la sabuni na kufutwa bila kusuuzwa, mbwa anapita jikoni. Katika suala la kunawa mikono, mafunzo yetu ya karne 14 yako mbele. Mtume (s.a.w.) alimwamrisha anayeamka usingizini aoshe mikono mara tatu kabla ya kuitumbukiza katika chombo. Alikataza mtu kupumulia ndani ya chombo cha kunywea. Aliamrisha vyombo vifunikwe na viriba vifungwe usiku. Hadithi hizi zimo katika vitabu sahihi. Kawa la ukili alilokuwa akifunikia bibi yako chakula lina asili katika Sunna.

Lakini kuna mengine tunayowahukumu bila elimu. Mfano ni nyama ya kuchoma ambayo ndani ni nyekundu. Tunasema, "Wanakula damu." Maji yale mekundu si damu, ni rangi ya msuli wenyewe. Na katika pande zima la nyama, vijidudu hukaa zaidi juu, ambako moto hufika. Nyama ya kusaga ni kinyume chake: kilichokuwa juu kimechanganywa hadi ndani, hivyo ni lazima iive mpaka katikati. Kwa maana hiyo, kababu au mshikaki wa nyama ya kusaga uliobaki mwekundu ndani ni hatari zaidi kuliko pande la nyama linalotutisha.

Au chukua mayai. Mwingereza hula yai ambalo kiini kinatiririka. Mwezi Desemba 1988 waziri mmoja wa nchi hiyo, Edwina Currie, alitamka kuwa mayai mengi ya Uingereza yana bakteria wa Salmonella. Biashara ya mayai ikaporomoka naye akajiuzulu. Baadaye wafugaji walianza kuchanja kuku wao, na mwaka 2017 serikali ikatangaza kuwa hata wajawazito wanaweza kula mayai yasiyoiva, maadamu yana muhuri wa mpango huo. Kwa hiyo yule anayekula yai la majimaji kule ana mfumo nyuma yake. Anayeiga kwetu, kwa yai lisilojulikana limetoka banda gani, ameiga kitendo na kuacha sababu.

Wala mifumo ya wakubwa haikosi ufa. Mwaka 2008 nchini Uchina maziwa ya unga yaliyotiwa kemikali ya melamini yaliwadhuru watoto wapatao 300,000. Mwaka 2011 mbegu zilizochipuzwa za kula mbichi zilisababisha mlipuko wa E. coli nchini Ujerumani na kuua watu zaidi ya 50. Mwaka 2013 nyama ya farasi iligunduliwa Ulaya ndani ya vyakula vilivyoandikwa kuwa ni nyama ya ng'ombe. Aliyesema kule kila kitu ni salama hakusema kweli.

Tarehe kwenye paketi na dhambi ya israfu

Hoja ya ndugu yetu wa Mombasa kwamba neema haimwagwi si hoja ya kupuuzwa. Aya ya 31 ya Suratul A'raf inatuamrisha kula na kunywa bila kufanya israfu. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliamrisha tonge likidondoka liokotwe, liondolewe uchafu na liliwe, lisiachiwe shetani. Ukitazama kwamba mwaka 2015 majumbani mwa Uingereza zilitupwa tani milioni 7.3 za chakula, utaona kuwa Mwislamu ana haki ya kuudhika.

Lakini sehemu ya utupaji ule inatokana na kutokujua kusoma tarehe, na wageni nao huingia katika kosa hilo. Kule kuna tarehe za aina mbili. Moja inasema chakula kitumike kabla ya siku fulani: hiyo ni tarehe ya usalama, huwekwa kwenye nyama, samaki na vingine vinavyoharibika upesi, na ikipita usile. Nyingine inasema chakula ni bora kabla ya siku fulani: hiyo ni ya ladha na ubora tu, huwekwa kwenye biskuti, mchele, tambi na vya makopo. Ikipita, chakula hakijawa sumu. Kutupa mchele mkavu kwa sababu ya tarehe ya pili ni israfu. Kula kuku aliyepitwa na tarehe ya kwanza kwa kuogopa israfu ni kujitia katika madhara.

Kuna hadithi katika Sahih Muslim inayofaa kuwa mizani hapa. Mtume (s.a.w.) alimweleza Abu Tha'laba (r.a.) juu ya mtu anayempata mnyama aliyemwinda baada ya siku tatu: amle maadamu hajanuka. Imam Nawawi alipoisherehesha alieleza kuwa katazo la kula kilichonuka ni la karaha, isipokuwa pale panapohofiwa madhara ya kweli; hapo hukumu hubadilika. Tazama jinsi kigezo kilivyowekwa: madhara. Harufu ilikuwa dalili waliyokuwa nayo watu wa zama zile. Leo wataalamu wametuonyesha dalili nyingine zisizonuswa, na kigezo kimebaki kile kile. Nacho kinakubaliana na aya ya 195 ya Suratul Baqara inayokataza kujitia katika maangamizi, na kanuni mashuhuri ya kifiqhi kwamba hakuna kudhuru wala kulipizana madhara.

Kwa hiyo dawa ya israfu haiko katika kula kilichoharibika. Iko katika kutokuacha chakula kiharibike: pika kwa kiasi, gawa mapema, hifadhi vizuri. Aliyeacha sufuria juu ya jiko usiku kucha ndiye aliyefanya israfu, si yule anayeimwaga asubuhi.

Maswali matatu kabla ya kugombana

Nawashauri wanafunzi wangu wajiulize maswali matatu wanapokutana na chakula au tabia ya kigeni.

Kwanza, je, ni haramu? Swali hili hujibiwa kwa Qur'an na Sunna, wala halijibiwi kwa kinyaa chetu.

Pili, je, kinadhuru? Hili hujibiwa na wataalamu wa afya, na dini inatuamrisha kuwasikiliza. Mfano uliopo ni wa maziwa mabichi ya ngamia. Mahujaji wetu hupenda kuyaonja, nayo ni halali. Lakini tangu ugonjwa wa MERS ulipogunduliwa Saudi Arabia mwaka 2012 na kuhusishwa na ngamia, WHO imeshauri watu, hasa wenye kisukari na maradhi ya figo, waepuke maziwa hayo yasipochemshwa.

Tatu, ikiwa si haramu na hakidhuru, je, si mazoea yangu tu? Hapa tukumbuke kisa cha Khalid bin Walid (r.a.) kilichomo katika Bukhari na Muslim. Nyumbani kwa Bibi Maimuna (r.a.) ililetwa nyama ya mjusi wa jangwani, na Mtume (s.a.w.) akaondoa mkono wake. Khalid aliuliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa hapana, ila mnyama huyo hakuwepo katika nchi ya watu wake, hivyo nafsi yake haimpendi. Khalid akamvuta na kumla, na Mtume (s.a.w.) akitazama. Hakumkemea Khalid wala hakukitukana chakula. Aliacha kwa adabu, na mwenzake akala kwa amani, kwenye mkeka mmoja.

Ugomvi mwingi wa ugenini hutokana na kuchanganya maswali haya matatu. Ndugu yetu wa Mombasa alilichukua swali la pili, la madhara, akalijibu kwa la tatu, la mazoea. Na yule dada wa kuku alilichukua jambo la mazoea akalifanya la kwanza, la haramu.

Nini kifanyike

Kwa wazazi: mnapowausia vijana juu ya nyama halali, wafundisheni pia kutumia jokofu. Kijana wa kiume ambaye hajawahi kupika nyumbani ndiye aliye hatarini zaidi akifika huko.

Kwa wanaoishi nje: chakula kikibaki, kitandazwe kwenye sinia au kigawanywe katika vyombo vidogo ili kipoe upesi, kisha kiingie kwenye jokofu. Kibichi na kilichoiva visikae pamoja. Muulizeni mwenyeji sababu ya anachofanya kabla ya kumcheka, nanyi mwelezeni sababu yenu.

Kwa kamati za misikiti na wanaofuturisha hapa nyumbani: pilau za maulidi, harusi na futari hupikwa mchana na kuliwa usiku, katika joto la Dar es Salaam, Tanga au Unguja. Hatari ile ile ya sufuria kubwa iko hapa, tena bila jokofu. Pikeni karibu na wakati wa kula, au chakula kikae motoni kweli, siyo uvuguvugu. Kinachobaki kigawiwe majirani na maskini usiku ule ule; hapo mtakuwa mmekimbia israfu na madhara kwa pamoja.

Kwa wafanyabiashara ya chakula: Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta limelowa ndani, akamkemea muuzaji kwa kuficha kasoro na kumhesabu anayefanya hivyo kuwa kajitenga na umma wake. Anayepasha samaki wa juzi na kumuuza kama wa leo aifikirie hadithi hiyo.

Ama wenzangu wale wawili, walipona kwa rehema ya Mwenyezi Mungu baada ya siku mbili, wakalipa siku zao baada ya Ramadhani. Ndugu wa Mombasa alimwomba radhi Mmalaysia mbele yetu sote. Tangu siku ile, katika nyumba yetu, kazi ya kugawa chakula kilichobaki ilifanywa kabla ya kwenda Tarawehe, na aliyekabidhiwa kuisimamia alikuwa yeye mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atujaalie kula kilicho halali na kilicho kizuri, na atuepushe na madhara. Wallahu a'lam.